Hoteli Wananisubiri, Jukwaa Nalo Limenishika

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Bagamoyo, wa kwanza kati ya watoto wanne. Nina stashahada ya huduma za hoteli niliyoisomea Dar es Salaam. Baba ni mwalimu mstaafu. Ili mimi nisome aliuza kiwanja chake cha Mapinga, wakati ule bei ikiwa bado ya chini, na siku hizi tukipita pale kwa daladala anaangalia upande wa pili wa barabara. Hajawahi kunisimanga hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mafunzo kwa vitendo niliyafanyia kwenye hoteli ya ufukweni hapa hapa kwetu. Jioni moja kulikuwa na shughuli ya wageni kutoka Dar, jukwaa limefungwa bustanini, mimi nikapangiwa kuwahudumia chakula mafundi mitambo. Nikamkuta msimamizi wao amezidiwa. Wasanii wanamuuliza zamu zao, MC anatafuta jina la mgeni rasmi, mtu wa jenereta anataka hela ya dizeli. Nikaomba kalamu, nikaandika ratiba dakika kwa dakika kama tulivyofundishwa kupanga karamu, nikaanza kuwaita watu mmoja mmoja. Yule msimamizi ndiye mwenye vyombo vya muziki, na usiku ule ule alichukua namba yangu. Tangu nimalize chuo nafanya kazi kwake: harusi, sendofu, makongamano, matamasha.

Shangazi, hii kazi naipenda hadi naogopa. Mimi ndiye ninayejua nani anapanda saa ngapi, maikrofoni ipi ni ya nani, nani hajala, nani anapandwa na hasira nyuma ya jukwaa. Safari moja tulikuwa na kikundi cha ngoma, na mwimbaji wao mkuu alikuwa bibi mtu mzima sana. Chuoni tulifundishwa kupita njia ya mgeni kabla mgeni hajafika, kwa hiyo mchana nikapita njia atakayopita yule bibi, kuanzia geti hadi mbele ya jukwaa. Ngazi ya kupandia ilikuwa na vidato viwili tu, kila kimoja kinafika karibu na goti langu. Nikamfuata seremala, akapigilia vidato vingine katikati na ubao wa kushikia, tukaufunga kitambaa cheupe ili uonekane gizani. Usiku bibi alipanda mwenyewe, huku anaimba. Hakuna aliyejua kwamba pale palikuwa na tatizo.

Sasa shida yenyewe. Nalipwa kwa shughuli, mkataba sina. Kuna kazi mbili hajanimalizia, kila nikiuliza naambiwa mteja hajalipa. Ramadhani ikiingia kazi zinakatika, masika nayo hivyo hivyo, nabaki kukopa kwenye kikoba cha mama. Hoteli ile ile niliyofanyia mafunzo imeniita. Wananipa usimamizi wa mapokezi, mshahara 450,000 kwa mwezi, NSSF na likizo, na wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nilipomwambia bosi, akaniambia nisiondoke, atanipa asilimia kumi ya faida ya kila shughuli. Kwa mdomo.

Nyumbani hakukaliki. Baba amesema, "Nilikusomesha hoteli, sikukusomesha kubeba spika." Mama anasema majirani wanamuuliza binti gani anarudi saa kumi alfajiri kwenye gari lililojaa wanaume. Kuna kijana ana nia nami, na kwao wameshaanza kuulizia mwenendo wangu.

Niende hotelini nitulize roho za watu, au nibaki jukwaani? Na je, kiwanja cha baba ndiyo nimekipoteza bure?

Binti wa Jukwaani,
Bagamoyo

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo, na hongera kwa kuuweka mezani bila kuficha kitu.

Nikuelewe hivi. Umesomea kuhudumia wageni, ukaangukia kwenye kazi ya kuendesha maonyesho, ukaipenda. Kazi hiyo inakulipa kwa kusuasua, haina karatasi, na inawakosesha usingizi wazazi. Upande mwingine umefunguliwa mlango wenye mshahara, na aliyeufungua anataka jibu haraka. Katikati yupo baba na kiwanja chake.

Nianze na lile swali la mwisho, maana naona ndilo linalokuamsha usiku. Ngazi ya yule bibi uliitengeneza kwa kutumia nini? Kwa yale uliyofundishwa darasani: pita njia ya mgeni kabla hajafika. Ratiba uliyoandika bustanini ni ile karatasi ya karamu ambayo hoteli hupeleka jikoni, baa na ukumbini ili kila mtu ajue saa yake. Mafundi wengi wa mitambo ni hodari wa nyaya na miksa, ila msanii aliyetoka mbali na hajala tangu asubuhi hawamwoni. Wewe unamwona. Ada ya baba iko kazini kila unapopanda jukwaani, hata kama yeye haioni. Kwa hiyo sidhani kwamba unachagua kati ya fani uliyosomea na fani nyingine. Naona ni fani moja iliyokupa sehemu mbili za kufanyia kazi, na kila sehemu ina masharti yake. Hayo masharti ndiyo ningependa tuyaangalie, kwa sababu katika barua yako mapenzi umeyaeleza kwa kirefu na masharti umeyapitia mbio mbio.

Tuanze na hoteli. Umeiandika kana kwamba ni usalama mtupu. Umeuona mkataba wenyewe, au umeambiwa kwa simu? Ni wa kudumu au wa mwaka mmoja? Muda wa majaribio ni miezi mingapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda mfanyakazi asiachishwe kazi isivyo halali, lakini ulinzi huo haumfikii aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Sheria hiyo hiyo inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa unayofanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Waulize wazi kama hayo yamo ndani ya zile 450,000 au yako juu yake.

Nimetaja usiku kwa makusudi. Mama anaona hoteli itakurudisha nyumbani mapema, lakini mapokezi hayafungwi, na msimamizi wa mapokezi huingia zamu ya usiku kama wengine. Ukikubali kazi kwa ajili ya kumtuliza mama, halafu wiki ya pili ukapangiwa zamu ya usiku, mtarudi kwenye mazungumzo yale yale. Ni vizuri alijue hilo sasa.

Haya, jukwaani. Asilimia kumi ya faida. Faida ya nini, mwanangu? Shughuli moja ina dizeli ya jenereta, gari la vyombo, vibarua wa kupakia na kushusha, chakula, vibali, spika iliyoungua wiki iliyopita. Vyote hivyo hutolewa kwanza, na anayevitoa ndiye anayeshika daftari. Kama daftari hulioni, asilimia kumi inaweza kuwa laki mbili leo na elfu tano kesho, na hutakuwa na la kuuliza. Simwiti bosi wako mwizi. Biashara hii naijua kwa macho ya mteja, nimekaa kwenye kamati za harusi, na naijua tabia yetu ya kulipa nusu na kuahidi nusu baada ya kuvunja kamati. Kamati ikishavunjwa, hiyo nusu mwenye vyombo anaitafuta kwa tochi. Inawezekana kweli hajalipwa. Hata hivyo, deni la mteja kwake na deni lake kwako ni vitu viwili, na sasa hivi unamsaidia kubeba hasara bila kuwa mwenzake katika faida. Pengine kiasi maalumu kwa kila shughuli, kinacholipwa vyombo vinapopakiwa, kitakufaa kuliko asilimia. Au pengine asilimia ya malipo yote kabla ya matumizi. Mwulize atakuchukuliaje ukimwomba hivyo, kisha msikilize anavyojibu.

Hizo kazi mbili ambazo hajakumalizia, kwanza ziandike. Mtumie ujumbe wa heshima wenye tarehe, shughuli na kiasi, akikujibu uhifadhi jibu lake. Wengi wanaamini kwamba asiye na mkataba hana pa kwenda. Sivyo kabisa. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya 2004, inaruhusu mtu ahesabiwe kuwa mwajiriwa kwa kuangalia hali halisi: anapangiwa kazi na nani, vifaa anapewa na nani, na kama amemfanyia kazi mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Malalamiko ya malipo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Nakueleza ujue uliposimama. Bagamoyo ni mji ambao kila mwenye vyombo anamjua mwenzake, na kesi inaweza kukurudishia hela huku ikikufungia milango. Hilo ni lako kupima.

Ningependa pia uangalie kati ya hizo njia mbili, maana zipo nyingine.

Hoteli yako hupokea harusi na semina za watu wa Dar, sivyo? Basi kuna mtu anayepokea shughuli hizo, anayekaa na kamati, anayejua jukwaa likae wapi na umeme utoke wapi. Kama hakuna, wanamhitaji. Unaweza kuwauliza kama nafasi yako inaweza kuwa ya kuratibu shughuli badala ya kaunta ya mapokezi. Hatari yake ni kwamba wanaweza kukubali kwa maneno kisha wakakuweka kaunta siku zote sita. Hatari nyingine ni sharti la kutofanya kazi kwingine, ambalo mikataba mingi ya hoteli huwa nalo, na ambalo litakuondoa kwenye matamasha moja kwa moja. Lisome kabla ya kusaini.

Njia nyingine ni kujitegemea, uwe meneja wa jukwaa anayeitwa na wenye vyombo zaidi ya mmoja. Wewe umezaliwa mahali ambapo hii si ndoto ya mbali. Chuo cha Sanaa kilianza hapo kwenu mwaka 1981, leo ndiyo TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na kila mwaka lipo tamasha lao linaloleta vikundi kutoka ndani na nje ya nchi. Ng'ambo ya maji, Zanzibar, kuna tamasha la Sauti za Busara tangu mwaka 2004. Matamasha kama hayo yanahitaji watu wa kushika ratiba, kupokea wasanii na kusoma orodha ya mahitaji ya kila bendi. Ila itakubidi ujue zaidi ya ratiba. Waulize TaSUBa kama wana mafunzo mafupi ya sauti na taa, na jifunze umeme kiasi cha kujua jenereta hii inabeba nini. Jenereta ya kVA 30 (ndicho kipimo cha ukubwa wake), kwa hesabu ya kawaida, hukupa kilowati 24, na fundi makini haitumii yote. Ukilijua hilo hakuna atakayekuita mbeba spika, na mvua ikinyesha katikati ya onyesho utajua kwa nini unadai waya wa athi, ule unaopeleka umeme ardhini.

Hatari ya kujitegemea ni kalenda, na wewe umeshaionja. Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, masika haisogei. Mwaka zinapofuatana unapata ukame mrefu mmoja, mwaka zinapoachana unapata miwili. Halafu Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, unakuja na harusi juu ya harusi hadi unakosa usingizi. Mwenye kuishi kwa kazi hii lazima hela ya Mfungo Mosi ailinde kwa ajili ya Ramadhani ijayo, na hiyo ni nidhamu ngumu ukiwa na wadogo zako watatu wanaokutazama. Chukua daftari, andika mapato yako ya mwaka uliopita mwezi kwa mwezi, yagawe kwa 12, kisha uyaweke kando ya ile 450,000. Sijui kitatoka nini. Ila utakuwa unalinganisha vitu vinavyolinganishika.

Jambo moja la mwili, nalisema haraka. Masikio. Kwenye sauti ya desibeli 100, dakika 15 zinatosha kufikia kiwango cha siku nzima ambacho wataalamu wa afya kazini Marekani wamekiweka, na Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2022 lilipendekeza kumbi zisizidishe wastani wa desibeli hizo 100. Wewe unasimama kando ya spika kwa muda wa saa tano. Nunua vizibo vya masikio, hata ukibakiza shughuli moja kwa mwezi.

Kuhusu mama, naomba usimjibu kwa hasira ukisema majirani wana midomo. Swali la binti anarudi na nani saa kumi alfajiri lina umbea ndani yake, lakini lina usalama pia. Dereva ni nani? Amelala? Yupo mwanamke mwingine kwenye hilo gari? Ukiweza kumfanya bosi akubali kwamba kurudishwa nyumbani kwa gari linalojulikana ni sehemu ya malipo yako, mama atapata jibu la kuwapa majirani, na wewe utakuwa salama. Na huyo kijana, mmeshaongea? Umetaja kwao tu, yeye hukumtaja. Njoo naye kwenye shughuli moja aone unachofanya. Akishindwa kukielewa sasa, heri ujue mapema, na akikielewa, atasema mwenyewe kwao.

Nimemweka baba mwishoni kwa sababu nadhani hujamsikia vizuri, na wala si kosa lako, maana ametumia maneno makali. Baba yako ni mwalimu mstaafu. Kila mwezi kuna hela inaingia kwa sababu alikuwa na ajira iliyoandikwa. Kiwanja aliuza, pensheni haikuuzika, na hiyo ndiyo inayomlisha leo. Anapokuona unalipwa mkononi saa tisa usiku, huenda haoni spika kabisa. Anaona binti yake wa kwanza akiwa na miaka 60 na hana kitu. Kama ndivyo, ukimwambia unaipenda kazi hutakuwa umemjibu. Mwambie kuhusu NSSF. Mtu aliyejiajiri anaruhusiwa kujiandikisha na kuchangia mwenyewe, na pensheni ya uzeeni huhitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Ukiwa hotelini utachangiwa, angalau nusu ikitoka kwa mwajiri. Jukwaani, kila senti itatoka kwako. Kaeni nalo hilo, wewe na yeye, kwa kalamu. Mwalimu hawezi kukataa hesabu.

Na umwalike kazini. Usimwalike usiku wa onyesho, kelele zitamchosha. Mwite saa nne asubuhi mnapofunga vyombo, akuone na karatasi yako mkononi, mafundi wanakuuliza na wewe unajibu. Na ukipata nafasi, msimulie habari ya ngazi ya bibi kama ulivyonisimulia mimi.

Mwisho wa mwezi hauko mbali. Hotelini omba mkataba uje nao nyumbani uusome, usikubali kusainishwa kaunta. Bosi naye mwombe aandike alichoahidi, hata kwa ujumbe wa simu: kiasi, siku ya malipo, usafiri, na lini anamaliza deni la kazi mbili. Ukishakuwa na karatasi hizo mbili na daftari lako la mapato, niandikie tena kabla hujasaini popote, tuzisome pamoja mstari kwa mstari.

Shangazi yako